Anayekuletea Mteja Ameweka Jina Lake Rehani

Nilianza kazi hii ya kuandaa nyumba zinazouzwa na kupanga upya vyumba vya watu nikiuamini ule msemo wa chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nilidhani nikiipanga sebule moja ikapangika, itanipigia debe yenyewe. Sikuwa nimeelewa asili ya kazi yetu. Mshonaji akishona gauni zuri, gauni hilo linatembea miaka mitatu likimtangaza. Mimi nikiiandaa nyumba ikauzwa haraka, mwenye nyumba anahama, mnunuzi anaingia na vitu vyake, na kila nilichokifanya kinaondolewa. Kazi yetu ikifanikiwa inatoweka. Kinachobaki ni picha chache na mdomo wa mtu aliyekuwepo.

Kwa hiyo leo nataka kuzungumzia hao watu wenye midomo. Nimeulizwa mara nyingi na wanaoanza: wateja unawatoa wapi? Jibu fupi ni kwamba siwatoi popote, naletewa. Jibu refu limenichukua miaka kulielewa.

Miezi saba ya kwanza niligawa kadi. Niliingia ofisi za madalali wa nyumba nikiwa nimevaa vizuri, nikajieleza kwa dakika mbili, nikaacha kadi mezani, nikaaga. Nilikuwa na takwimu mkononi pia. Chama cha kitaifa cha madalali wa nyumba cha Marekani, NAR, hufanya utafiti kuhusu uandaaji wa nyumba, na ule wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 81 ya madalali wanaowakilisha wanunuzi walisema nyumba iliyoandaliwa humrahisishia mnunuzi kujiona anaishi humo. Namba nzuri sana. Niliisema mbele ya watu wengi waliotikisa kichwa kwa adabu, na hakuna hata mmoja aliyenipigia.

Simu ya kwanza ya maana ilitokana na mtu ambaye sikuwahi kumpa kadi: fundi rangi.

Tulikutana katika nyumba ambayo haikuwa hata ya kuuzwa. Mwenyewe aliniita nimpangie upya sebule kwa vitu alivyokuwa navyo, bila kununua kipya, na fundi alikuwa anamalizia korido. Kochi la watu watatu lilikuwa limewekwa mgongo dirishani, limekula theluthi ya mwanga wa chumba. Chini kulikuwa na zulia dogo lililokaa peke yake katikati ya sakafu, haligusi kiti chochote. Picha za ukutani zilikuwa juu mno, mtu anazitazama kama anatafuta popo. Kochi lilikuwa zito, nikamwomba fundi anishikie upande mmoja. Tulilihamishia ukuta wa pili, likatazamana na dirisha. Chumbani, chini ya kitanda, kulikuwa na zulia kubwa ambalo hakuna aliyeliona kwa miaka. Tukalileta, miguu ya mbele ya kochi ikalikanyaga, na viti viwili vidogo vikalikanyaga upande wa pili. Meza ya katikati nikaisogeza hadi sentimita 45 kutoka kwenye kochi, mtu aweze kuweka kikombe bila kuinuka na kupita bila kugonga goti. Picha nikazishusha mpaka katikati yake ikawa kama sentimita 150 kutoka sakafuni, usawa wa macho ya mtu aliyesimama.

Fundi alinawa mikono, akarudi sebuleni, akasimama mlangoni muda mrefu. Halafu akasema, "Dada, huu ukuta niliupaka mimi wiki iliyopita. Leo ndiyo kwanza nauona."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifundisha biashara. Alichokiona yeye kilikuwa ukuta wake, ambao kabla ya hapo ulifichwa na mgongo wa kochi. Baada ya siku tisa alinipeleka kwa mteja wake mwingine, na hakunisifia kwa ufundi wangu. Alimwambia, "Huyu akipanga, rangi inaonekana."

Tangu siku hiyo niliacha kujiuliza nani anaweza kunisaidia. Nikaanza kujiuliza kazi ya nani inaonekana vizuri zaidi nikipita mimi kwanza.

Mpiga picha alikuwa wa pili. Wa nyumba, namaanisha, yule anayepiga picha za tangazo. Nilimfuata si kwa kadi bali kwa swali: ni nini kinakuchosha ukifika nyumba ya watu? Alizungumza nusu saa. Kilichomchosha kuliko vyote ni balbu. Chumba kimoja kina balbu ya njano, nyingine nyeupe, nyingine karibu ya buluu, na kwenye picha ukuta mmoja unaonekana una rangi tatu. Anakesha kurekebisha kwenye kompyuta. Nilikuwa nabadilisha mito na mapazia na kuacha taa kama zilivyo. Siku hizi nabeba boksi la balbu, zote za joto moja la mwanga, yaani rangi yake, kati ya kelvini 2700 na 3000 (ndicho kipimo chake), na kabla sijaondoka nawasha kila taa na kuhesabu. Aliniambia pia kwamba yeye husimama mlangoni au kwenye kona, kamera ikiwa usawa wa kifua. Basi nami napanga chumba nikisimama hapohapo, kwa kimo hichohicho. Mto wa kitandani unaopendeza ukiwa umeinama juu yake unaweza kuonekana fungu la nguo kutoka mlangoni.

Alianza kuwaambia madalali, "Mwiteni yule kwanza, kisha mimi." Hakufanya hivyo kwa hisani. Kwangu mimi alikuwa anaokoa usiku wake. Na kuhusu picha zenyewe, tulikubaliana kwa maandishi mapema: katika nchi nyingi picha ni mali ya aliyeipiga mpaka mkataba useme vingine, kwa hiyo nikiitumia naandika jina lake, na hatuitumii kabla mwenye nyumba hajaridhia. Ndani ya picha hiyo kuna kitanda cha mtu. Asiombwe ruhusa?

Wahamishaji wa mizigo wanastahili aya yao, kwa sababu watu wa kazi yetu huwapuuza. Anayeuza nyumba anahama, na anakohamia anafika na vitu vile vile katika vyumba vya umbo tofauti. Huko ndiko kazi ya kupanga upya inakozaliwa. Nilianza kufanya jambo dogo: kabla ya siku ya kuhama nakwenda nyumba mpya na tepu ya kupimia, nachora kila chumba, nabandika karatasi yenye namba kwenye kila mlango, na karatasi yenye namba ileile kwenye kila kitu kitakachoingia chumba hicho. Wabebaji hawaulizi "hili tuliweke wapi?" Kabati halipandishwi ngazi ili lishushwe tena. Msimamizi wao aliniambia wamemaliza nyumba ya vyumba vinne kabla ya saa tisa, kazi ambayo kwa kawaida ingefika jioni. Tangu hapo, mteja akiwapigia kuuliza gharama, naye anauliza: "Una mtu wa kukupangia ukifika?"

Sasa madalali. Hapa nilikosea kwa muda mrefu, na nadhani wengi bado wanakosea.

Nilidhani dalali hajui umuhimu wa kuandaa nyumba. Anajua. Ameshaona wanunuzi wakigeuka mlangoni kwa sababu ya harufu ya mbwa au barabara ya masanduku kwenye korido. Tatizo lake ni kwamba ndiye anayetakiwa kumwambia mwenye nyumba. Mtu ameishi pale miaka ishirini, amelea watoto pale, halafu unamwambia sebule yake haifai. Anaweza kukasirika akaipeleka nyumba kwa dalali mwingine. Kwa hiyo dalali anameza maneno, nyumba inatangazwa jinsi ilivyo, na inakaa.

Hili si jipya. Barb Schwarz, Mmarekani anayetajwa kuwa ndiye aliyeiita kazi hii "staging", yaani kuandaa jukwaa, alikuwa dalali wa nyumba eneo la Seattle mwaka 1972, akakwama palepale: afanyeje kuwaambia watu nyumba zao zinahitaji kusafishwa na kupunguzwa vitu bila kuwaumiza? Alikuwa na uzoefu wa jukwaani, akaanza kuwaambia wauzaji kwamba nyumba inayouzwa ni kama jukwaa linaloandaliwa kabla watazamaji hawajaingia. Jukwaa halitukani maisha ya mtu. Nilipoisoma habari hiyo nilielewa kwamba shughuli nzima ilianza kama njia ya kusema jambo gumu kwa upole.

Nikarudi kwa madalali walewale na maneno mengine kabisa. Sikutaja asilimia. Nilisema: "Yale ambayo huwezi kumwambia mwenye nyumba, niachie mimi." Mmoja, mwanamke mwenye sauti ya taratibu ambaye nitamtaja tena chini, aliweka kalamu mezani na kuniuliza, "Utamwambiaje?"

Ninavyofanya ni hivi. Sisemi kitu. Nasimama na mwenye nyumba mlangoni, tunapiga picha ya chumba kwa simu yake mwenyewe, kisha tunatoka nje na kuitazama pamoja. Jicho limezoea, kamera haijazoea. Ndani ya chumba haoni waya wa runinga, rundo la magazeti, pazia lililokatika ndoano mbili. Kwenye picha anaviona vyote, tena anavitaja yeye. Mimi naandika. Anapofika kwenye picha za familia ndipo nasema, na nasema kwa uangalifu: hizi ni za thamani kiasi kwamba hazipaswi kubaki mikononi mwa wageni watakaokuja kutazama nyumba, tuzifunge vizuri ziwe za kwanza kuingia nyumba mpya. Sijawahi kumwona mtu akikasirika kwa hilo. Baadhi wanalia, na hapo unakaa chini, unasubiri.

Dalali yule aliniletea nyumba tatu mfululizo. Ya nne niliiharibu.

Mpiga picha alikuwa amepangwa saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimejiambia nitamalizia mapazia asubuhi hiyohiyo, kwa kuwa fimbo zilizoagizwa zilikuwa zinafika jioni iliyotangulia. Zilifika fupi. Pazia likitundikwa kwenye fimbo inayoishia kingo za dirisha linaziba kioo hata likiwa wazi. Nilihitaji fimbo zinazopita kila upande kama sentimita 20. Saa tatu ilipogonga, nilikuwa juu ya ngazi na tundu mbili ukutani zisizo na kitu. Mpiga picha alisubiri, akaondoka, alikuwa na nyumba nyingine. Tangazo lilichelewa siku sita. Mwenye nyumba hakunipigia mimi. Alimpigia dalali, na alimwambia maneno mazito, kwa sababu dalali ndiye aliyesema, "Mwamini huyu."

Nilimlipia mpiga picha safari ya pili. Nilikwenda kwa mwenye nyumba, nikamweleza kwamba kosa ni langu peke yangu na dalali wake hakuhusika. Nyumba iliuzwa. Lakini dalali alinyamaza miezi mitano, na nisingeweza kumlaumu. Kumpendekeza mtu ni kuweka jina lako rehani kwake. Akifanya vizuri unarudishiwa jina lako jinsi lilivyokuwa, labda na nakshi kidogo. Akiharibu, jina linauzwa, na yeye hapotezi chochote ukilinganisha na wewe.

Kuanzia hapo nina sheria moja isiyojadiliwa: nyumba inakuwa tayari saa 24 kabla ya mpiga picha. Si jioni yake. Saa 24. Na kila kitu kinachoagizwa kinapimwa siku kinapoingia, kwa tepu, hata kama maelezo kwenye boksi yanasema ni kipimo kilekile.

Nilianza pia kumpa aliyenileta taarifa kila hatua. Ukinipa jina la mtu, leo hiihii utapata ujumbe: nimempigia. Kisha: nimekwenda, tumekubaliana hivi. Kisha: tumemaliza. Na ikiwa hatukuelewana, utaambiwa pia, bila kumsema mteja vibaya. Fundi rangi wangu aliniambia kwamba katika maisha yake amepeleka wateja kwa watu wengi, na mimi ni wa kwanza kumrudishia habari. Wengine wote mteja aliingia kama jiwe kisimani. Hebu fikiria: unampa mtu riziki, halafu unakuja kusikia kwa jirani kama ilifika au haikufika.

Kwenye daftari langu kuna safu ya "aliyemleta". Kila anayepiga simu namwuliza nani alimpa namba yangu, na naandika hata kama jibu ni "sikumbuki". Mwisho wa mwaka wa pili nilikaa nikahesabu. Zaidi ya nusu ya kazi zilitoka kwa watu wanne: fundi rangi, mpiga picha, msimamizi wa wahamishaji, na mwanamke mmoja niliyempangia sebule ambaye ana marafiki kila kona. Kadi zote zile, vikao vyote vile vya wafanyabiashara nilivyohudhuria nikisimama na glasi ya maji, vilileta kazi mbili. Niliacha vikao. Muda huo nikauhamishia kwa watu wanne: kuwapitia, kuwauliza msimu wao ukoje, na zaidi ya yote kuwapelekea kazi. Mkono mtupu haulambwi. Siwezi kukaa mwaka mzima napokea wateja wa fundi rangi bila mimi kumtafutia kuta.

Ila hapa kuna jambo ninalolishikilia, na najua wenzangu wengi hawakubaliani nami. Sipokei kamisheni kwa mteja ninayempeleka kwa fundi, wala simlipi fundi kwa mteja anayeniletea. Nilishawahi kushawishika. Sababu yangu ni nyepesi: siku ninayomwambia mwenye nyumba kwamba ukuta huu upakwe rangi, nataka awe na hakika kwamba anayesema ni ukuta, si mfuko wangu. Kama mahali ulipo kamisheni ndiyo desturi ya biashara na sheria inairuhusu, basi angalau mteja aambiwe waziwazi, kwenye karatasi, kabla hajaamua. Akija kugundua mwenyewe baadaye, hata ushauri wako wa kweli utageuka uongo.

Zawadi ni jambo tofauti. Kazi ikiisha namwandikia aliyenileta barua fupi kwa mkono, na ndani naweka picha mbili, kabla na baada, zilizochapishwa, mwenye nyumba akiwa amekubali. Mpiga picha mmoja wa harusi aliyewahi kunipa mteja ameibandika yake ofisini. Wateja wake wanaiona.

Kuhusu washindani: mwenzangu mmoja ana stoo iliyojaa makochi, vitanda na taa, anaandaa nyumba tupu. Mimi sina stoo na siitaki. Nafanya nyumba ambazo watu bado wanaishi. Tulipishana kwa miaka tukitazamana pembeni. Siku moja nilipata simu ya nyumba tupu na nikampa. Wiki mbili baadaye alinipa familia ya watoto watatu ambayo hakujua aanzie wapi. Ningetamani tungeanza mapema.

Na kuomba kuletewa wateja? Ndiyo, omba, lakini angalia wakati. Nilikuwa naomba siku ya malipo, na mtu akiwa anatoa pesa mawazo yake yako kwenye pesa. Sasa nasubiri mpaka mwenye nyumba akae mwenyewe. Kuna dakika fulani, baada ya kazi, anapoketi kwenye kiti chake mahali pake papya, akashusha pumzi. Hapo ndipo namwuliza, na siulizi "nitajie watu". Naulizia mtu mmoja: "Unamfahamu yeyote anayehama mwezi huu au ujao?" Swali pana halina jibu. Hili mara nyingi lina jina.

Nilisema nitamrudia yule dalali.

Baada ya miezi mitano alinipigia jioni, nikadhani ni nyumba. Ilikuwa nyumba, lakini si ya mteja. Mama yake alikuwa anahama kutoka nyumba kubwa kwenda sehemu ya vyumba viwili, na mambo yalikuwa yamekwama, kwa sababu kila mtoto aliyejaribu kumwambia mama nini kipunguzwe aliishia kugombana naye. "Mimi nauza nyumba za watu kila siku," aliniambia, "ila hii siiwezi. Njoo useme wewe."

Nilikwenda siku mbili kabla ya tuliyopanga, ili nipime vyumba vipya kwanza. Nilipofika kwa mama nilikuwa na michoro, tepu na karatasi zangu za namba. Tulipiga picha ya sebule kwa simu yake, tukatoka kukaa kibarazani, akaitazama muda mrefu huku akiikuza kwa vidole viwili. Alitaja vitu saba mwenyewe. Kabati la vyombo, liende kwa mjukuu. Meza kubwa, iende. Dalali alikuwa amesimama nyuma yetu, kimya kabisa.

Kisha mama akaweka kidole juu ya kiti cha mkono kilichochakaa karibu na dirisha. "Hiki kilikuwa cha baba yao," alisema. "Kitakaa wapi, mwanangu?"

Nilifungua mchoro wa sebule mpya, nikamwonyesha dirisha linalotazama mashariki. Nilikuwa nimeacha hapo nafasi ya sentimita 90, sijaandika kitu. Akachukua kalamu yangu, akachora kiti ndani yake. Nikaingia ndani na karatasi yenye namba 1, nikaibandika mgongoni mwa kile kiti kabla ya kitu kingine chochote.